Kikokotoo cha umbali wa ndege: uzoefu wangu kati ya Nairobi na New York

Kabla ya kusafiri kwenda New York mwezi wa Novemba, nilitumia kikokotoo kimoja cha mtandaoni ambacho ukikiandikia majina ya miji miwili hukupa umbali wa angani, muda wa safari na saa ya kufika. Nilikiamini kwa yote matatu, ingawa kilistahili kuaminiwa kwa lile la kwanza tu.

Kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy kilinipa takriban kilomita 11,830, na nilipopima kwa uzi juu ya tufe la dunia la binti yangu nilipata hesabu inayokaribiana nayo. Ramani yake nayo ilinitoa ujinga, kwa kuwa nilidhani ndege ingekata bara moja kwa moja hadi Ghuba ya Guinea, kumbe njia iliyo fupi kuliko zote hupanda kaskazini-magharibi, huvuka Sahara kupitia Algeria na Morocco, ndipo huingia Atlantiki.

Kwenye muda ndipo kinapokosea. Kiliandika saa 13 na dakika 40, kwenda na kurudi sawasawa, ilhali ratiba ya Kenya Airways, iliyoanza kusafiri huko bila kutua njiani tarehe 28 Oktoba 2018, huonyesha karibu saa 15 za kwenda na 14 za kurudi, na ndivyo ilivyokuwa kwangu. Sababu ni pepo kali za juu zivumazo kutoka magharibi kwenda mashariki: ndege iendayo Marekani hupambana nazo, na irudipo husukumwa nazo. Kikokotoo hakijui habari za upepo; kwa kadiri nilivyoweza kukisia, hugawanya kilomita kwa mwendo wa 900 kwa saa na kuongeza nusu saa ya kupaa na kutua.

Kosa la pili ni la saa za miji. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na tofauti kati ya Nairobi na New York huwa saa 8 badala ya 7, lakini kikokotoo kilishikilia 7. Ajabu ni kwamba wakati wa kwenda makosa hayo mawili yalikaribia kufutana, hata mdogo wangu aliyekuja kunipokea akanisubiri dakika 20 tu zaidi ya alivyotarajia, nami nikazidi kukisifu.

Wakati wa kurudi makosa yalijumlishana. Dereva wa teksi niliyemtumia saa ya kufika kama nilivyoisoma hapo alikuwa uwanjani saa moja na dakika 20 kabla ya ndege kutua, na ada ya maegesho nililipa mimi.