Bastola yangu ya .22 na risasi iliyoikubali

Jumanne moja ya Januari, kwenye ligi ya majira ya baridi ya klabu yetu hapa Columbus, Ohio, bastola yangu ilinigomea mara mbili katika hatua moja ya shindano. Ilikuwa hatua ya haraka: risasi tano kwa sekunde kumi, mkono mmoja, shabaha iko futi 50 mbele. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, ya tatu nikasikia "tik" peke yake. Klabu yetu inamruhusu mtu kurudia mara moja akipatwa na hitilafu, nami nikarudia. Safari hii ikagoma ya nne, na nafasi ya kurudia ilikuwa imekwisha. Risasi mbili ambazo hazikutoka zikaandikwa sifuri. Kwenye karatasi ya alama 300, hapo umeshaondoka na karibu ishirini kabla hata hujakosea mwenyewe.

Usiku ule nilimkumbuka baba. Alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili. Mteja akija na cherehani inayoruka mishono, baba alikuwa hashiki bisibisi kwanza. Alikuwa anauliza, "Umeshonea uzi gani, mama?" Mara nyingi tatizo lilikuwa palepale. Mashine nzima, sindano nzima, uzi ndio wa ovyo. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga kumpelekea fundi bastola isiyo na ugonjwa wowote.

Basi nikakaa chini na daftari, miezi mitatu, na hiki ninachoandika ndicho kilichotoka humo. Ni kwa Waswahili wenzangu wa huku Marekani walioingia kwenye mchezo huu, ambao najua wanaongezeka, na ambao wakienda dukani hukuta rafu nzima ya maboksi ya .22, zile risasi ndogo za bastola kama yangu, yenye bei za kila namna.

Bastola ni Ruger Mark IV Target, mtutu mnene wa inchi 5.5, magazini ya risasi 10. Niliichagua kwa sababu unabonyeza kitufe kimoja nyuma na inafunguka yote kwa kusafishwa. Wenye zile za zamani za ukoo huuhuu, ulioanza mwaka 1949, watakwambia kuzifunga tena kulivyokuwa kunawatoa jasho.

Lazima niseme kidogo jinsi risasi yenyewe inavyofanya kazi, maana bila hilo bei hazieleweki. Risasi ya .22 Long Rifle ipo tangu mwaka 1887 na umbo lake halijabadilika sana. Haina fataki, ile kemikali inayowaka ikigongwa na pini ya bastola, katikati ya kitako kama risasi kubwa. Fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda, ule mkunjo mwembamba unaozunguka kitako. Kiwandani hutiwa mchanganyiko mdogo ukiwa mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili mchanganyiko ukimbilie ukingoni na kuenea sawasawa. Usipoenea sawa, patabaki mahali patupu, na pini ikigonga hapohapo hakuna moto. Ukiitoa risasi ileile, ukaizungusha kidogo na kuirudisha, pengine italia vizuri kabisa. Kwa hiyo ubora wa .22 ni ubora wa kazi ya kiwanda, kiwanda kuwa makini kwa kila ganda katika mamilioni. Wala huwezi kujaza maganda upya mwenyewe nyumbani kama wanavyofanya wenye risasi kubwa. Ulichonunua ndicho utakachopiga.

Ikifanya "tik", usiharakishe kuitoa. Acha mtutu uelekee kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo ukoki kuiondoa. Huwa inatokea risasi ikachelewa kuwaka. Na ukisikia mlio hafifu, "pu" badala ya "pa", simama kabisa, ondoa magazini, hakikisha chemba, lile tundu risasi inamokaa kabla ya kupigwa, ni tupu, uangalie kama risasi imebaki ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake unaweza kuharibu mtutu na mkono pia. Kwa hili hata kengele ya shindano isikuharakishe.

Kabla ya kulaumu risasi, nilijifunza kusoma alama. Chukua ile iliyogoma, itazame ukingoni. Ukiona pini imechimba sawasawa na risasi haikulia, basi fataki ndiyo mbaya. Ukiona alama ni nyepesi, kama ukucha umegusa tu, rudi kwenye bastola yako: chemba ina uchafu. Nta na mabaki ya madini ya risasi hujenga pete mdomoni mwa chemba, risasi mpya haiingii mpaka mwisho, na pini inapogonga nguvu yake yote inaishia kuisukuma risasi ndani. Nilikuta zangu kumi na moja zilizogoma kutoka kopo nililokuwa nikilitumia, tisa zina alama nzito nzuri. Mbili zilikuwa nyepesi, na hizo ni kosa langu, sikuwa nimesugua chemba. Sasa naisugua kwa brashi kila baada ya risasi 300 hivi, dakika tano tu.

Kopo lenyewe lilikuwa lile la jumla, risasi zimemwagwa ndani bila kupangwa kama maharage. Sitalitaja jina. Nilililipia senti 7 kwa risasi. Mbali na zilizogoma, nyingine zilikuwa zimelegea kichwani, ukiishika risasi unaweza kuizungusha ndani ya ganda lake kwa vidole. Kwa mtu anayekwenda kupiga makopo shambani na bunduki ya kukoki kwa mkono, haidhuru. Kwa bastola inayojikoki yenyewe na saa ya sekunde kumi, nimeshasimulia yaliyonikuta.

Nikanunua aina nne za kujaribu, boksi nne nne za risasi 50, yaani 200 kila aina. Nashauri sana hilo: usinunue tofali, lile furushi la boksi kumi lenye risasi 500, kabla bastola yako haijakupa jibu. Bastola mbili za aina moja, zimetoka kiwanda kimoja, huweza kutofautiana. Mzee mmoja wa klabu yetu, ana miaka zaidi ya arobaini katika mchezo huu, anapiga risasi ambayo jirani yake wa meza hataki hata kuisikia.

CCI Standard Velocity ndiyo niliyoanza nayo, kwa kuwa karibu nusu ya watu kwenye mstari wetu wanaitumia. Inatengenezwa Lewiston, Idaho. Kichwa cha risasi gramu 2.6, mwendo wake kwa maelezo ya kiwanda ni futi 1,070 kwa sekunde, kama mita 326. Huo ni chini ya mwendo wa sauti, na kwa mlenga shabaha ni jambo jema, kwa sababu risasi haivuki ule mpaka wa sauti ikiwa njiani na kuyumbishwa. Bastola inatulia mkononi, unarudi kwenye shabaha upesi. Kati ya 200, hakuna iliyogoma. Hata moja. Nilirudia hesabu ya maganda. Kutoka kwenye egemeo, yadi 25, matundu kumi yalienea wastani wa sentimita 3.5. Nililipa dola 5.50 kwa boksi, senti 11 kwa risasi.

Aguila Super Extra ya mwendo wa kawaida inatoka Cuernavaca, Meksiko, na fataki yake ni ya mfumo wa Eley, kampuni ya Uingereza iliyokuwepo tangu 1828. Hii ilinishangaza. Dola 4.50 boksi, yaani senti 9, na bastola yangu iliila yote 200 bila kulalamika. Ina kasi kidogo kuliko CCI. Matundu yalienea sentimita 4 na kitu. Kama mfuko umebana na bastola yako imeikubali, sina neno baya.

SK Standard Plus ni ya Schönebeck, Ujerumani, mji uleule zinakotoka risasi za .22 za kampuni ya Lapua. Ukifungua boksi unaona mafuta yamepakwa sawasawa, vichwa vimekaa wima kama askari wa gwaride. Sentimita 2.5 kwa yadi 25. Siku ile nilisimama kwenye karatasi nikiitazama tu, nikamwita mtu aje aone. Lakini nililipa dola 8.50 boksi, senti 17.

Ya nne, CCI Mini-Mag, nilitaka nione risasi ya kasi. Futi 1,235 kwa sekunde, risasi imevikwa shaba. Inasukuma bolti, kile kipande kinachorudi nyuma na kuingiza risasi mpya, kwa nguvu, na kuna bastola zenye springi ngumu ambazo zinahitaji msukumo huo ndipo zijikoki vizuri. Yangu haihitaji. Ni risasi ya kazi nyingine, nikaiweka kando.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, nami nilikaribia. Baada ya kuona zile sentimita 2.5 nilitaka kuagiza SK ya mwaka mzima. Halafu nikachukua rula. Shabaha ya B-8, ile tunayotumia nje kwa yadi 25, duara la kumi lina upana wa inchi 3.36, kama sentimita 8.5. Lile la X katikati, ambalo ni la kuvunja sare, ni sentimita 4.3. Matundu ya CCI, yaliyoenea sentimita 3.5, yanaingia yote ndani ya X! Kinachonipeleka kwenye tisa na nane ni kidole changu kwenye kifyatulio na mkono wangu mmoja ulionyooka, na hakuna boksi linalouza dawa ya hivyo. Kwa yadi 50 mambo yanabana. Shabaha ya B-6, ya umbali huo, ina duara la kumi la ukubwa karibu uleule, na mtawanyiko unakuwa maradufu, sentimita 7 ndani ya 8.5. Hapo SK inakupa nafasi ya kupumua. Kwa hiyo nina boksi chache za SK kwa hatua ya taratibu ya yadi 50 wakati wa kiangazi, risasi kumi kwa dakika kumi, na mengine yote ni CCI.

Kwa mwaka napiga kama risasi 6,000, shindano na mazoezi. Kwa kopo lile la senti 7 ni dola 420. Kwa CCI ni 660. Tofauti ni dola 20 kwa mwezi, na kwa dola 20 hizo nasimama kwenye mstari nikifikiria shabaha tu. Zamani kabla ya kila duru nilikuwa nawaza kama itaitika. Woga huo unaingia kwenye kidole, unavuta kwa hofu, unakosa hata kwa risasi nzima.

Ukishapata yako, nunua nyingi kwa mara moja na uangalie namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi, zote ziwe za toleo moja. Waliokuwepo huku 2020 na 2021 wanakumbuka rafu zilivyokuwa tupu na bei zilivyopaa. Na usiziache kwenye buti la gari Januari. Nta ya risasi huwa ngumu kwa baridi, nami niliona bastola ikishindwa kujikoki sawasawa kwa risasi zilizolala nje usiku mzima. Zile zile, baada ya siku mbili chumbani, zilifanya kazi.

Akina mama wenzangu hasa: risasi hizi ni madini ya risasi kweli, na moshi wa fataki una risasi pia. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni na maji ya baridi, usile chochote kwenye meza ya kupigia, na ukifika nyumbani vua nguo zile kabla hujambeba mtoto. Mimi nina kanga ya kuvaa mlangoni kwa ajili hiyo.

Jambo la sheria, kwa sababu nimeulizwa na vijana wawili. Aliye hapa kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, sheria ya Marekani kwa kawaida inamkataza kumiliki silaha na hata risasi zenyewe. Si bastola tu, na risasi. Mwenye green card au uraia anaruhusiwa, akiwa hana kizuizi kingine. Usimwombe rafiki akununulie "boksi moja tu la kujaribu". Hati zako za kukaa hapa zina thamani kuliko mchezo wowote.

Na kwa sisi tunaokwenda nyumbani likizo, kuwa na mkoba mmoja wa bastola na usiutumie kwa kitu kingine kabisa. Risasi ya .22 ni ndogo kuliko kifundo cha kidole, inajificha kwenye mshono wa mfuko na wewe huna habari. Nilikuta moja ndani ya mfuko wa pembeni wa begi la mgongoni, wiki moja kabla ya safari yangu ya mwisho ya Tanga, na miguu ililegea. Tanzania ina sheria yake ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na risasi moja bila kibali inatosha kukuanzishia kesi uwanja wa ndege, huku au kule. Begi lile la mgongoni sasa ni la sokoni. Mkoba wa bastola unakaa kabatini chini, umefungwa kwa ufunguo, na masanduku ya safari ya Tanga nayapanga chumba kingine.