x-systemd.automount: miezi mitano na diski ya kwaya hapa Uyole

Narekodi kwaya hapa Uyole, na kazi zote huishia kwenye diski ya nje ya terabaiti 2. Imechomekwa USB kwenye kompyuta kuukuu ya mezani niliyoigeuza seva ya nyumbani kwa Debian 12, mfumo wa Linux. Haina skrini wala kibodi, imekaa juu ya kabati sebuleni, na waimbaji huchukua nyimbo zao kwa Wi-Fi. Kilichonisaidia ni x-systemd.automount, chaguo la Linux linaloifungua diski lenyewe pale folda yake inapoguswa.

Mvua zikishika huku kwetu, umeme huweza kukatika na kurudi mara tatu jioni moja. Kompyuta inawaka yenyewe, lakini folda ya /mnt/kwaya ilikuwa inabaki tupu mpaka niende kumaunti kwa mkono, yaani kuifungulia diski mlango ndani ya mfumo. Wiki ya Pasaka sikwenda. Skripti ya kunakili ya usiku, yaani programu fupi inayojiendesha, ikakuta folda ipo, ikamwaga rekodi zote kwenye diski ndogo ya ndani hadi ikajaa. Asubuhi mwalimu wa kwaya akapiga simu: "Kaka, za Pasaka zipo?" Zilikuwepo, ila wimbo wa akina mama ulikatikia katikati. Namshukuru Mungu kadi ya kinasa sauti nilikuwa sijaifuta.

Mwanzoni nilikuwa namaunti kwa jina la /dev/sdb1. Usifanye hivyo. Umeme ukiyumba, diski ya USB inaweza kupotea na kurudi ikiitwa sdc. Andika UUID, yaani namba ya utambulisho ya diski isiyobadilika na jina hilo, utaipata kwa amri ya blkid. Kisha nikaiweka kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kumaunti, bila neno nofail linaloruhusu mfumo kuwaka hata diski isipokuwepo, na siku diski ilipochelewa kuamka, mfumo uliisubiri sekunde 90 ukagoma kuwaka. Nililazimika kuazima skrini kwa jirani usiku.

Mstari ninaoutumia sasa ni huu:

UUID=xxxx /mnt/kwaya ext4 nofail,x-systemd.automount,x-systemd.device-timeout=10 0 2

Weka UUID yako, endesha systemctl daemon-reload, halafu systemctl start mnt-kwaya.automount. Hununui kitu, systemd, programu inayosimamia kuwaka kwa mfumo na huduma zake, imo tayari ndani ya Debian. Kuanzia hapo diski inamauntiwa pale tu mtu au programu inapogusa folda. Nilijaribu kuchomoa waya wakati hakuna kinachoandikwa, nikauchomeka tena, nikaandika ls, amri ya kuorodhesha faili: nyimbo hizo hapo, bila amri nyingine yoyote.

Ninachokipenda kuliko vyote ni tabia yake diski isipokuwepo. Folda haijifanyi kuwa tupu. Inasubiri zile sekunde 10 za device-timeout, kisha inarudisha kosa, na skripti inasimama. Hilo peke yake lingeniokolea Pasaka. Hata hivyo nimeongeza kufuli la pili: kabla ya kumaunti nilifunga folda yenyewe kwa chattr +i, amri inayozuia isibadilishwe, ili automount ikifeli kabisa, hata root, mtumiaji mkuu wa mfumo, asiweze kuandika humo.

Kasoro ipo. Ukifungua folda diski ikiwa haipo, unakaa unangoja, na binti mmoja wa sauti ya kwanza alidhani simu yake imeganda. Pia automount haitibu umeme unaokatika katikati ya kuandika. Faili lililokuwa linaandikwa linaweza kuharibika vilevile. Kwa hilo natafuta UPS ndogo, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika.

Kuna chaguo la x-systemd.idle-timeout linaloachia diski ikikaa bila kazi. Nililitumia wiki moja nikaliondoa, maana siku za mazoezi watu wanaingia na kutoka kwenye folda jioni nzima, na sikuona faida ya kuachia na kushika diski ileile kila mara. Nimeacha ule mstari wa juu kama ulivyo. Tangu hapo umeme umekatika mara nyingi nisizohesabu, na sijapanda tena kiti kuishusha ile kompyuta kabatini.