Nilijaribu "bure" tovuti ya kutafuta ukoo, nikakatwa pesa ya miezi sita

Nyota mbili kati ya tano, tena kwa shingo upande. Jina la tovuti yenyewe silitaji kwa sasa, maana madai yangu ya kurudishiwa pesa bado yako benki na sitaki kujiharibia. Aliyewahi kutafuta ukoo wake kwenye intaneti atawajua tu: ndio wale wa matangazo ya mti wenye majani mabichi, na bibi wa Kizungu anajifuta machozi mbele ya kompyuta kwa kuwa amempata babu yake.

Mimi pia nilikuwa namtafuta babu. Si babu mzazi, ni kaka yake, lakini kwetu Kilifi huyo ni babu tu. Alichukuliwa jeshini wakati wa vita vya pili vya dunia, na habari zake nyumbani hazijazi hata kiganja: alikuwa wa mizinga, alipandishwa meli Kilindini, Mombasa, waende kupigana na Mjapani Burma, hakuonekana tena. Hana kaburi. Hata mwaka aliokufa ulikuwa unabishaniwa. Shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, kila penye kilio katika ukoo lazima amtaje, na safari hii akanigeukia mimi: "Wewe unashinda na hiyo simu, mwanangu. Babu yako humo hayumo?"

Basi nikajiunga, mwaka huu huu, mvua zikiwa ndiyo zinaanza. Wiki mbili bure, wanasema, ukiona haikufai unajitoa na hudaiwi hata senti. Ila bure hiyo haifunguki mpaka utoe namba ya kadi.

Fomu yao inataka jina la kwanza na jina la ukoo. Tuseme babu alikuwa Karisa wa Kazungu. Silo jina lake, lakini ndivyo majina yetu yalivyo: Kazungu ni baba yake, na watoto wa Karisa watakuwa fulani wa Karisa, hakuna atakayeitwa Kazungu isipokuwa amerithi jina la babu. Mashine haitaki kusikia hayo. Ilimchukua Kazungu ikamfanya jina la ukoo mzima, na kwa Karisa ikaniletea akina Clarissa, mmoja baada ya mwingine, wote wamebatizwa Uingereza. Niliandika Kalisa, nikaandika Charisa, maana karani wa jeshi aliandika alivyosikia. Clarissa wale wale.

Nikafuta jina, nikaandika Mombasa peke yake. Hapo mambo yakafunguka, na hapa nitawapa haki yao. Wana orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kwa meli, kuanzia 1890 hadi 1960, na unaonyeshwa picha ya karatasi yenyewe, mwandiko wa karani unausoma. Nilikesha. Kuna wamisionari, wapima ardhi, wauguzi, walowezi, wake za maofisa wanaowafuata waume zao na watoto wachanga mkononi. Umri upo, kazi ipo, daraja la tikiti lipo. Kuna fundi mmoja wa reli niliyemfuata orodha hadi orodha, mara anakuja, mara anaonekana anarudi tena baada ya likizo, mara amekuja na mke, mpaka nikawa namjua kama jirani. Siku zile mngeniuliza ningetoa nyota nne, na babu sijampata.

Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo roho ilivyokuwa inakwaruzika. Aliyeshuka Mombasa kwa hiari yake ameandikwa mpaka kazi na daraja la chumba. Aliyepakiwa Mombasa hapo hapo, akatolewa, yuko wapi?

Usiku mmoja nikaachana na majina, nikatafuta kikosi. Mizinga ya Afrika Mashariki kwa Kiingereza ni East African Artillery. Ikaja orodha ya waliokufa, na imefunikwa ukungu. Si bando langu, wala si macho. Wameufunika ukurasa makusudi, na juu yake kitufe: kumbukumbu hii iko kwenye kifurushi cha dunia nzima, ongeza malipo. Kumbe wiki mbili zangu zilikuwa za kifurushi cha kwao. Sasa mimi wa Kilifi nilikuwa najaribu nini? Ubatizo wa Clarissa?

Pembeni palibaki mstari ambao ukungu haukuufikia vizuri. Nilisoma: 301 Field Regiment, Februari 1944. Nikaandika kwenye karatasi, nikaenda kujitoa, siku za bure zikiwa bado zipo. Hilo nalirudia kwa ajili ya wale watakaoniambia nilisahau: siku zilikuwa bado zipo, na picha za skrini ninazo.

Kujitoa kwao ni kurasa tatu. Ya kwanza inakuuliza umekasirishwa na nini. Ya pili inakupunguzia bei. Ya tatu inakuonyesha ule mti wako na kusema jamaa zako wanakusubiri. Nikabonyeza ndiyo, naondoka. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikanirudisha ukurasa wa kwanza. Nikarudia, vile vile. Barua pepe ya kuthibitisha haikuja. Kilichokuja, wiki mbili zilipokwisha, ni meseji ya benki. Na hawakukata ya mwezi mmoja. Wamekata ya miezi sita kwa mkupuo.

Sasa nifike kwa mhudumu, maana hasira yangu yote iko kwake. Hitilafu ya mtambo mtu anaweza kuisamehe.

Kwanza unachati na roboti, inakuita rafiki. Baada ya kuzungushwa ukaja mtu, au kitu kilichosema ni mtu. Nikaeleza kurasa tatu, kiduara, picha. Akajibu kwamba kwenye rekodi zao sikukamilisha hatua ya mwisho. Nikamwambia hatua ya mwisho ndiyo iliyokwama. Akarudia neno kwa neno, unajua kabisa ni kunakili na kubandika. Nikamwambia basi tazama nilichokuja kutafuta, mnikate kwa lipi? Nikamweleza habari za babu, kwa heshima, kwa Kiingereza cha shule. Hapo ndipo aliponijibu kwamba kwa kawaida familia za kanda yetu hazina kumbukumbu za maandishi, na kwamba kwa wateja wa aina yangu wanashauri kipimo cha DNA, kwa sasa kina punguzo.

Nilisoma mara ya pili nikidhani sikuelewa. Mtu anadai pesa yake, wewe unamuuzia mate yake mwenyewe! Na hiyo orodha ya askari mliyoifunika ukungu, yenye kikosi na tarehe, mliiandika kwa kitu gani kama si kwa maandishi? Nilipouliza hilo, akafunga mazungumzo, ikaja fomu ya kuniuliza nimeridhika kiasi gani na huduma.

Angekuwa anazungumzia vita vya kwanza, pengine ningenyamaza kidogo. Wale wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi, ambao Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps, wengi kweli hawakuandikwa popote. Lakini si kwa sababu familia zao hazikuwa na karatasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waliokuwa na kalamu ndio walioamua. Mhudumu wangu anatuletea sisi lawama hiyo.

Na tume hiyo hiyo ndiyo iliyonipa babu. Tovuti yao haina kadi, haina wiki mbili, haikuombi hata barua pepe. Nikaweka kikosi na Februari 1944, ikamwaga majina, karibu wote tarehe moja: 12. Ndiyo meli iliyoitwa Khedive Ismail. Ilitoka Kilindini mwanzo wa mwezi ule kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache. Walikuwemo watu kama 1,500, wakafa karibu 1,300, askari wa mizinga wa kwetu wakiwa wengi kuliko wote. Manowari za Kiingereza zilipokuwa zinaiwinda nyambizi zilitupa mabomu baharini pale pale watu walipokuwa wanaelea. Babu hakufika kumwona huyo Mjapani wa Burma.

Jina lake lipo, limekosewa herufi moja, lakini yeye na baba yake wote wametajwa. Liko kwenye mnara wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Nimepita barabara ile sijui mara ngapi.

Sasa hukumu yangu. Msijiunge. Au tuseme hivi: kama babu yako alikuwa Mwingereza, au Mhindi aliyepitia London kwenda Mombasa, jiunge, orodha zile za abiria ni mali, na tumia kadi uliyoiachia salio kidogo. Kama ni mtu wa kwetu, anza na tume ile, kisha FamilySearch, tovuti ya ukoo ya kanisa la Wamormoni, ambayo ni bure kwelikweli, unafungua akaunti tu, na ambao hutuma watu vijijini Afrika kurekodi wazee wakitaja vizazi. Halafu nenda Jumba la Nyaraka pale Moi Avenue, Nairobi, ukae na makaratasi.

Ila nisiwadhulumu. Bila ule mstari uliojitokeza pembeni ya ukungu nisingejua namba ya kikosi, na bila namba ningekuwa bado nahangaika na akina Clarissa. Ndiyo maana niliweka mbili. Lakini mstari ule ulinifikia kwa uzembe wao, si kwa huduma yao. Huduma yao ni ukungu.

Shangazi nimempigia. Alikaa kimya, kisha akauliza nauli ya Nairobi ni ngapi, anataka kwenda kulisoma hilo jina, na asiyeweza kusoma atasomewa. Pesa waliyonikata ingetutosha mimi naye treni kwenda na kurudi, daraja la chini, na ya chai ingebaki. Nimeshika simu hapa natafuta tikiti kwa pesa ya kukopa, na hapo hapo imeingia barua pepe yao: wamenikumbuka, jamaa zangu wananisubiri, kipimo cha DNA kimeshuka tena.

Zile mbili nimezifuta. Nimeacha moja kwa kuwa sifuri haikubali.