Kupunguza uzito wa baiskeli ya mbio kwa mfuko mwembamba: vipuri vilivyolipa na nilivyoviacha dukani

Nianze na namba, kwa sababu naziamini kuliko hisia zangu za mlimani. Baiskeli yangu ina fremu ya alumini, uma wa mbele (unaoshika gurudumu la mbele) wa nyuzi za kaboni, gia za Shimano Claris, za daraja la chini, na breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu. Ilipokuwa kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na pedeli, ilikuwa na kilo 10.3. Sasa ina 9.2. UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, liliweka mwaka 2000 kikomo cha kilo 6.8 ambacho baiskeli ya mashindano hairuhusiwi kushuka chini yake. Hakuna mkaguzi atakayepoteza muda wake kuipima yangu. Lakini kilo moja na ushei imeondoka, na gharama yote haikufika nusu ya bei niliyoinunulia baiskeli yenyewe.

Kifaa cha kwanza kilikuwa mizani ya jikoni. Kila kipuri nilichofikiria kubadilisha nilikifungua kwanza, nikakipima, nikaandika. Halafu nikachukua bei ya kipuri kipya nikaigawanya kwa gramu zitakazopungua. Hapo ndipo maduka yanapoumbuka. Siti inayotangazwa kuwa na gramu 210 inavutia mpaka ugundue kwamba uliyonayo ina 235. Tena uzito wa kwenye tangazo huwa mtamu kuliko wa mizani: magurudumu, kwa mfano, hutangazwa bila mkanda wa ndani wa rimu na bila zile ekseli za kukaza kwa mkono.

Matairi ndiyo yaliyoongoza, na kwa mbali. Yaliyokuja na baiskeli yalikuwa na waya wa chuma ukingoni, hayakunjiki, gramu 350 kila moja. Nikafunga Continental Grand Prix 5000 ya milimita 25, ambayo ukingo wake ni wa aramidi, nyuzi nyepesi na imara zinazokunjika: gramu 220 hivi kwa tairi. Jozi imeniondolea gramu 260, na wala uzito si sababu kubwa ya kuyasifu. Ganda lake ni laini, linajipinda kirahisi likikutana na kokoto, kwa hiyo nguvu nyingi hazipotei kila linapobonyea na kurudi. Piga hesabu mwenyewe. Mwendeshaji na chombo chake wana kilo 80, mwendo ni kilomita 30 kwa saa, tairi duni lina kigawo cha ukinzani wa kubingirika (kipimo cha jinsi tairi linavyozuia mwendo) cha 0.006 na zuri lina 0.004. Tofauti ni kama wati 13, nazo unazipata tambarare, mlimani, hata siku umechoka. Kaboni ya bei hiyohiyo haikupi wati 13.

Lawama zangu kwa matairi haya ni mbili. Yanaisha haraka kuliko yale magumu ya waya, na ubavu wake mwembamba hauna mzaha na vipande vya chupa. La nyuma huisha kwanza kwa sababu ndilo linalobeba mzigo na kusukuma. Likiisha, hamishia la mbele nyuma na ufunge jipya mbele, maana tairi la mbele likipasuka kwenye kona huna pa kujishika. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua matairi. Mengine yatasubiri.

Ndani ya tairi kuna gramu za karibu bure. Tyubu zangu za butili, ule mpira mweusi wa kawaida, zilikuwa na gramu 120 kila moja. Nimehamia kwenye za TPU, plastiki laini inayonyumbuka: Schwalbe Aerothan, gramu 41 kwa saizi ya tairi la milimita 23 hadi 28. Gramu 158 zimeondoka kwa kazi isiyozidi ya kuziba pancha, na zimeondoka pembeni kabisa mwa gurudumu. Ya akiba ikikunjwa inakuwa ndogo kuliko kiberiti, kwa hiyo hata mkoba wa chini ya siti umepungua.

Lakini tyubu hizi zina adabu zake. Usizijaze upepo zikiwa nje ya tairi zaidi ya kuzipa umbo. Zikivutika hazirudi kama mpira. Gundi na kiraka cha kawaida havishiki, zinataka viraka vyake. Na soma maandishi ya kwenye boksi ikiwa unatumia breki za rimu kama mimi, kwa sababu mteremko mrefu hupasha rimu joto na si kila tyubu ya aina hii inalistahimili: Tubolito S-Tubo Road, ambayo ni nyepesi kupita hii yangu, ni ya breki za diski peke yake. Nilijaribu pia pakiti ya bei ya kutupa, jina sitalitaja. Mojawapo ilivuja kwenye maungio ya vali kabla haijaonja lami. Ukitaka kubana matumizi kunizidi, ipo butili nyepesi ya gramu 65 hivi, inazibika kwa kiraka chochote na haina masharti. Kwangu hiyo ndiyo inayoshinda kwa bei. Mpira wa lateksi unabingirika vizuri sana, ila unavuja polepole wenyewe. Ukilala umejaza, unaamka kujaza tena. Mimi asubuhi sina subira hiyo.

Sasa magurudumu, na hapa ndipo nusu ya fedha ilipokwenda. Ya kiwandani yalikuwa na kilo 2.0 kamili kwa jozi, bila tairi wala kaseti (lile rundo la meno ya gia la nyuma). Nilinunua ya mtumba, ya alumini, yana kilo 1.55. Gramu 450 kwa mkupuo mmoja. Hakuna kipuri kingine kwenye baiskeli ya daraja hili kinachoweza kukupa hivyo. Mapya ya uzito huo yangenigharimu zaidi ya maradufu, na jozi ya kaboni ingekuwa na bei ya baiskeli nzima.

Mtumba wa magurudumu unataka macho makali. Pitisha ukucha kwenye uso wa rimu ambapo breki hugusa: ukikuta umebonyea kama kijiko, rimu imeliwa, iache. Rimu nyingi zina kitundu au kijistari cha kuonyesha uchakavu. Kikiwa kimefutika, maisha yake yamekwisha. Angalia kwa tochi pale spoku zinapoingia kwenye rimu, maana nyufa huanzia hapo. Lizungushe gurudumu ulisikilize, kisha lishike ulitikise kwa pembeni. Likicheza, bering'i zinadai kazi. Bonyeza spoku mbilimbili kwa vidole kuzunguka lote, usikie kama kuna iliyolegea. Muuzaji akianza kuharakisha mambo wakati unafanya hayo, umeshapata jibu.

Kuna jambo dogo linalowakwamisha wengi. Habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma iliyotengenezwa kwa kaseti ya Shimano ya gia 11 ni ndefu kidogo kuliko ya gia 8, 9 au 10. Kaseti yangu ya gia 8 inaingia vizuri, ila lazima itanguliwe na pete ya milimita 1.85, la sivyo inacheza hata ukikaza vipi. Pete hiyo ni ya bei ndogo mno, na bila hiyo utadhani umeuziwa gurudumu bovu. Hakikisha pia upana wa habu: fremu za breki za rimu za miaka ya karibuni ni milimita 130 nyuma, za diski mara nyingi ni 142, na hakuna ujanja wa kuzioanisha.

Siti nilibadilisha, gramu 340 kwa 230, na nitasema machache kwa sababu makalio hayafanani. Kaa juu yake kwanza, uzito baadaye. Reli zake, yaani fito mbili za chini yake, nimechukua za chuma chenye uwazi ndani, si kaboni: reli za kaboni nyingi ni za duara refu, milimita 7 kwa 9, na kishikio cha nguzo yangu ya siti kimechongwa kwa reli za mviringo za 7 kwa 7. Kukibana kwa nguvu ni kuitafutia reli ufa.

Nguzo ya siti nayo ilikuwa gogo la gramu 320. Nimeweka ya alumini nyembamba, milimita 27.2 kama tundu la fremu, gramu 220. Nguzo za kaboni zisizo na jina zipo kwa bei karibu hiyohiyo, na ndizo nilizoziacha. Kaboni ya kiwanda kinachojulikana ni kitu kizuri. Ya mtu asiyejulikana, iliyobanwa na boliti chini ya mwili wangu, sina ujasiri nayo. Usukani na stemu (kipande kinachoushika usukani) nimeviacha vilivyo kwa sababu hiyohiyo: alumini yake ni nzito kidogo na sina shaka nayo. Breki sikuzigusa isipokuwa kubadilisha vipande vya mpira kwa vizuri zaidi, jambo ambalo halipunguzi hata gramu moja na ni miongoni mwa matumizi bora ya orodha nzima.

Boliti za titani? Titani ina gramu 4.5 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma 7.8. Kwa hiyo boliti ya gramu 4 inakuwa na gramu 2 na kitu. Badilisha sita, umeokoa kama gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai vya maji kutoka kwenye chupa yako. Nimeona watu wakizinunua kwanza kabla ya matairi. Zinang'aa, sikatai.

Je, kilo 1.1 inasikika? Mlimani, ndiyo, ila kwa unyenyekevu. Mzigo wote ukiwa kilo 80, umepunguza kama asilimia 1.4. Mlima mkali wa nusu saa unakupunguzia sekunde 25 kwa nguvu ileile, tena hapo sijatoa hesabu ya upepo. Utaambiwa pia kwamba gramu ya kwenye rimu ni sawa na mbili za kwenye fremu. Hiyo ni kweli unapochomoka kutoka mwendo mdogo, kwa sababu rimu lazima isogee na izunguke kwa pamoja. Ukishakuwa kwenye mwendo usiobadilika kupanda kilima, gramu ni gramu popote ilipo. Kinachosikika kila siku ni matairi: baiskeli inakwenda laini, haigongi. Baada ya hapo ni magurudumu, kila ninaponyanyuka kwenye siti kuwafuata wenzangu. Siti na nguzo naziona kwenye mizani tu.

Na wale wa kusema "si upunguze tumbo, ndugu yangu" wako sahihi kabisa, kilo ya tumbo ni bure. Tumbo nalishughulikia, siwezi kulipeleka kwa fundi.

Kaseti na krenki (mikono ya pedeli) bado ni zilezile nzito za Claris. Kaseti hata hivyo huisha, kwa hiyo itakapochakaa ndipo nitakaponunua nyepesi pamoja na cheni, nikilipia ile tofauti ya bei tu. Krenki haichakai upesi, inabaki.