Kabureta ya DX: niliikarabati Grogan badala ya kununua mpya

Fundi akikwambia "tupa hii, weka mpya" kabla hajafungua hata skrubu moja, shukuru uende kwa mwingine. Mimi niliambiwa hivyo kwenye gereji ya kwanza, fundi akiwa bado anafuta mikono. Gari ni Toyota Corolla KE70, ile tunayoiita DX, yenye injini ya 4K na kabureta (kile kifaa cha kuchanganya hewa na petroli) ya Aisan ya matundu mawili. Lilikuwa likishapata joto linatetemeka kwenye foleni, linazima kwenye raundabauti, na ndani kunanuka petroli kama kituo cha mafuta.

Kabureta husingiziwa mengi. Kwa hiyo kwanza nilibadilisha plagi, zilikuwa zimejaa masizi, nikarekebishiwa pointi na taimingi za cheche, na kila mpira wa hewa ukakaguliwa kama umepasuka. Hali ikabaki ileile. Hapo ndipo nikalipeleka Kirinyaga Road, Nairobi, mtaa wa gereji tunaouita Grogan, maana huko ndiko bado utapata mafundi waliozeeka na kabureta. Hawaongezeki hao. Sheria yetu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na yanayoruhusiwa yote ni ya injekta, yaani kompyuta ndiyo inayopima petroli badala ya kabureta. Kijana anayejifunza ufundi leo anaanzia kwenye kompyuta.

Fundi niliyempata hakusema mengi. Injini ikinguruma, alipuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye ncha mbili za shafti inayozungusha kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, pale chini. Mngurumo ukabadilika papo hapo. "Umesikia, mama? Inavuta hewa hapa." Kisha akazima, akaniambia niishike ile shafti kwa vidole na kuitikisa. Ilicheza.

Ukisoma hapa na kuacha mengine, chukua hilo la shafti. Vitu vingine vinavyochakaa ndani ya kabureta vinauzwa kwenye pakiti: gasketi, sindano inayofunga petroli floti (boya la ndani) inapopanda, mpira wa pampu ndogo inayorusha petroli unapokanyaga. Yangu ilihitaji vyote hivyo. Sindano ilikuwa imejichimbia mfereji kwenye ncha, haifungi vizuri, petroli inafurika, na ndiyo harufu ile. Floti yenyewe ilizamishwa kwenye maji ya moto, haikutoa povu, kwa hiyo haina tundu, ikarudishwa. Kifuniko kilikuwa kimepinda kidogo, kikasuguliwa kwa msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka kikakaa sawa. Lakini shafti ya chuma inapokula tundu lake kwenye mwili wa kabureta, tundu linakuwa yai, na hakuna pakiti ya kutibu hilo. Ukiweka vipuri vipya na kuacha hewa inaingia pembeni, umefua nguo na kuianika kwenye vumbi.

Dawa yake ni bushi za shaba, vile vipete vinavyovishwa ndani ya tundu. Mwili ukapelekwa kwa fundi wa kukereza vyuma Kariobangi, matundu yakapanuliwa kwa usawa, bushi zikapigwa, shafti ikarudi bila kucheza. Pakiti nilinunua kwa shilingi 2,200, bushi 1,500, kazi 3,000. Jumla 6,700. Kabureta mpya ya kuiga, isiyo ya Aisan, niliambiwa 9,500. Tofauti si kubwa kihivyo, na kama ningekuwa natazama pesa tu pengine ningechukua mpya, nisisubiri.

Kilichonizuia ni jirani yangu, ambaye naye ana DX na aliweka ile mpya. Ilimtolea moshi mweusi tangu mwanzo. Tuliziweka jeti zake (vile vipande vyenye tundu dogo la kupimia petroli), mpya na za zamani, mezani, tukasoma namba zilizopigwa juu yake: za mpya zilikuwa kubwa zaidi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta haina ubongo wa kulijua hilo. Injini inataka karibu sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, kwa uzito. Jeti inayofaa Mombasa huku tayari inazidisha mafuta, sembuse kubwa kuliko hiyo. Jirani alihamisha jeti zake za zamani kwenye kabureta mpya na moshi ukapungua. Ndiyo maana nasema ukinunua mpya, usimwachie muuzaji ile kuukuu, hata akikupunguzia bei. Na usikubali mtu azibue jeti kwa waya, tundu linapanuka. Kompresa inatosha.

Kabureta za mtumba sikuzifikiria sana. Zina umri uleule na shafti ileile.

Sasa lalamiko. Fundi wangu ana ugonjwa wa "kesho". Risiti hatoi. Choki, ile ya kusaidia injini baridi kuwaka, aliifunga vibaya, asubuhi nikawa nahangaika mpaka nikamrudishia airekebishe, ingawa hakunilipisha. Pia hakunishauri kuweka chujio jipya la petroli. Nililiweka mwenyewe, lile la plastiki ang'avu, nione uchafu unaoingia.

Gari halizimi tena kwenye foleni, na linapanda Waiyaki Way kuelekea Kikuyu bila kukohoa. Unywaji wa mafuta umepungua, si kwa muujiza. Ningekubali kubadilisha kama mwili ungekuwa na ufa, au nyuzi za skrubu zimeliwa, au njia za ndani zimejaa ule unga mweupe wa gari lililolala miaka na petroli tumboni. Yangu haikuwa na hata kimoja. Nampa nyota nne kati ya tano. Ukienda kwake, lipa nusu, na nusu nyingine umpe injini ikiwa imepata joto.