Gereji ya Nakuru iliyonifungia difu

Nilipeleka Land Cruiser yangu ya 1HZ (injini ya dizeli isiyo na turbo) nikitaka turbo ya kuiongezea nguvu. Tairi za inchi 35 zilikuwa zimeilemea. Mlima wa Subukia ilipanda kwa gia ya pili, moshi tele. Fundi akauliza difu, yaani gia zinazopeleka nguvu ya shafti kwenye magurudumu, ni ngapi. Nikamwambia 4.10: shafti huzunguka mara 4.10 gurudumu likizunguka mara moja.

“Mzee, injini iko sawa. Tairi ndizo zimekula nguvu.”

Akafunga 4.88, yenye mvuto zaidi, mbele na nyuma, kwa sababu zikitofautiana, ukiingiza fowili (magurudumu yote manne yavute) unaharibu gia. Kilichonifurahisha zaidi: alipaka rangi meno ya krauni (gia kubwa ya difu) aone yanavyogusana na pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Wanaoruka hatua hiyo hukuachia difu inayolia.

Ekseli hakugusa, na turbo akanishauri ningoje. Sasa tope la Mau Narok napita polepole bila kuchoma klachi. Bei iko juu, vipuri huchelewa, lakini huyu fundi anaijua kazi.