Kijana wa tela alikikataa kipande changu cha mbao: uzoefu wangu wa kusafirisha pikipiki kutoka Moshi hadi Arusha

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike, lakini wiki kadhaa zimepita, na kila nikiliona lile doa la oili kwenye sakafu ya banda langu hapa Sakina, Arusha, sauti ya yule kijana inanirudia vilevile: “Mzee wangu, wewe panda mbele, kazi ya kufunga niachie mimi.” Sitaitaja huduma yake kwa jina. Ninachotaka ni kueleza kilichotokea kwa shokapu za mbele za pikipiki yangu, ili mwenye pikipiki ya porini anayekusudia kukodi tela ajue cha kutazama kabla mikanda haijakazwa.

Ilikuwa mwishoni mwa masika. Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumeshinda upande wa Machame, katika njia za migombani ambako udongo mwekundu hushika kila kitu na kukauka kama plasta. Jioni nilikuwa nimechoka, na tairi zangu ni zile za meno makubwa, zisizofaa kusagwa kwenye lami kwa kilomita zipatazo 80 hadi Arusha huku malori yakikupita kwa kasi. Nikapewa namba ya kijana mwenye pikapu na tela. Kwa haki yake niseme kwamba alifika Moshi kwa wakati tuliopatana, bei yake ilikuwa ya kiungwana, na tela lenyewe lilikuwa imara, lenye sakafu nzuri, taa zinazowaka na pete za chuma za kufungia mikanda. Iwapo ningekuwa nasafirisha kabati, leo ningekuwa naandika sifa tupu.

Tatizo lilianza alipofika kwenye usukani wa pikipiki. Alipitisha mkanda mmoja kila upande, akaanza kukaza kwa ule mkono wa chuma wa mkanda, klaki, klaki, klaki, na pikipiki ikazidi kuinama mbele. Shokapu zilipofika katikati ya mwendo wake wa kubonyea nikamwambia inatosha. Akaendelea. Nilipoona tairi linakaribia kugusa madigadi, nilitoa kwenye mkoba wangu kipande cha mbao nilichokuwa nimekikata mwenyewe kwa kipimo cha pikipiki hiyo, ambacho husimamishwa kati ya tairi la mbele na sehemu ya chini ya shingo ya usukani, chini ya madigadi, ili mikanda ikikazwa mbao ndiyo ipokee nguvu na shokapu zibaki na nafasi ya kupumua. Nilimweleza kwa upole, tena nilianza na neno “mwanangu”. Alikitazama kile kipande, akakiweka kando ya barabara bila kukijaribu, akasema amebeba pikipiki nyingi na hakuna aliyewahi kumletea kuni. Kisha akakaza mara mbili zaidi, huku ananitazama usoni.

Neno hilo la kuni ndilo lililoniumiza. Mimi ni mtu mzima, pikipiki ni yangu, fedha ni zangu, na nilichoomba hakikumgharimu hata dakika mbili.

Nilipanda mbele kama nilivyoamriwa, na hilo ninalijutia. Anayeijua barabara hiyo anajua matuta yake: Bomang'ombe, Kikatiti, Usa River, Tengeru. Kila tuta niligeuka kutazama kioo cha nyuma, na kila mara niliona pikipiki ikipigwa kama mzigo wa chuma, kwa kuwa shokapu zilikuwa zimefika mwisho na hazikuwa na pa kwenda. Usa River nilimwomba asimame nilegeze kidogo. Aliongeza sauti ya redio.

Tulipoishusha nyumbani, mguu wa kushoto wa shokapu ulikuwa na utando wa oili unaong'aa. Usiku ule ukawa mchirizi, na asubuhi oili ilikuwa imeshuka hadi kwenye kibanio cha breki kwenye gurudumu na kulowesha pedi. Sikulitambua hilo hadi nilipoteremka kilima kuelekea barabara kuu, nikabonyeza breki ya mbele na pikipiki ikaendelea kwenda kana kwamba sijaigusa. Nilisimama kwa breki ya nyuma na kwa miguu yangu, karibu sana na mama mmoja aliyekuwa amebeba ndizi. Nilimwomba radhi, na mikono ilinitetemeka hadi nilipofika kwa fundi. Wale wanaosema sili ya shokapu, yaani mpira unaozuia oili isivuje, ni jambo dogo wanasahau kwamba chini ya sili ile ile kuna diski ya breki, na kwamba pedi zikishanywa oili hazina dawa ya kuaminika isipokuwa kuzibadilisha.

Fundi wangu ni mtu asiyependa maneno mengi, lakini siku hiyo alinieleza kwa kirefu, na maelezo yake yaliivuruga hukumu niliyokuwa nimeshaitoa moyoni. Ndani ya shokapu kuna springi, kuna oili, na juu ya oili kuna nafasi ya hewa. Shokapu inapobanwa, hewa ile hushindiliwa na kuisukuma oili kwenye midomo ya sili, na watu wengi huamini kwamba ukiifunga pikipiki ikiwa imebanwa kwa saa mbili, shinikizo hilo ndilo linalopasua sili. Fundi alitikisa kichwa. Alisema sili nzima imetengenezwa kuvumilia hayo, maana kila unaporuka na kutua shokapu hubanwa karibu hadi mwisho, tena kwa nguvu kuliko ya mkanda wowote. Akakishusha kifuniko cha mpira kinachozuia vumbi, akakata kipande chembamba kutoka kwenye chupa ya plastiki ya maji, akakichonga ncha kama ndoana, akakipenyeza kati ya bomba linalong'aa na mdomo wa sili, akakizungusha. Kilitoka na uji mwekundu wenye chembe za mchanga. Udongo wa Machame.

“Shida ya mkanda na shida ya tope zimekutana hapa, mzee,” aliniambia, na hapo nilinyamaza. Tope lile lilikuwa limekauka juu ya bomba kwa sababu mimi sikuliosha. Mkanda ulipoikandamiza shokapu hadi mwisho, sehemu yote yenye tope ililazimishwa kuingia ndani kupita sili, ikakaa humo kwa kilomita 80, na kila tuta likaisugua mbele na nyuma. Laiti ningelipitisha kitambaa chenye maji kwenye mabomba yale mawili kabla ya kuondoka, huenda sili ile ingekuwa hai hadi leo, hata kwa ule ukazaji wa kikatili. Kwa hiyo, kwa siku nzima, nilikuwa tayari kumpa yule kijana nyota tatu na kujilaumu mimi kwa zilizobaki.

Usafishaji ule uliizuia oili kwa muda mfupi tu. Ilipoanza kuvuja tena, fundi alipitisha ukucha kwenye bomba na kukuta mkwaruzo mwembamba uliotosha kuukata mdomo wa sili kila shokapu inaposhuka. Aliulainisha kwa msasa mlaini sana wenye oili, akabadilisha sili za miguu yote miwili, kwa maana anasema upande mmoja ukiwa mpya na mwingine mzee utarudi kwake ndani ya mwezi, akaweka oili mpya kwa kipimo sawa kila upande na pedi mpya za breki. Gharama ilipita maradufu ya ile niliyolipa kwa usafiri.

Nilimpigia yule kijana simu. Naomba nieleweke: sikumwomba fedha. Nilimwambia nimegundua kwamba tope lilikuwa kosa langu, na kwamba ningependa tu, siku nyingine, akubali kufunga kwa kiasi. Nilidhani tungeongea kama watu. Alinijibu kwamba pikipiki yangu ilikuwa mbovu tangu alipoikuta, kwamba wateja wazee ni wasumbufu, akakata. Zile nyota tatu ziliondoka pale pale.

Kwani hata nikilibeba kosa la tope lote, ukazaji wake haukuwa sahihi. Pikipiki iliyobanwa hadi mwisho wa shokapu haisimami salama zaidi, bali inasimama pabaya zaidi, kwa sababu tela likirushwa na tuta hakuna chochote cha kumeza kishindo isipokuwa tairi, usukani na mikanda yenyewe, na mkanda ukilegea kwa nukta moja ndoano inaweza kuchomoka. Kinachotakiwa ni kubana theluthi moja ya mwendo wa shokapu, au nusu kwa wingi, mikanda ikitoka kwenye usukani kwenda mbele na nje kila upande, gurudumu la mbele likiwa limeegemea kizuizi imara, na mkanda mwingine nyuma wa kuzuia mkia usirukeruke pembeni. Ukitumia mbao, unakaza hadi mbao ishike bila kuchezacheza, basi. Wapo waendeshaji wanaoipinga mbao kwa hoja kwamba inahamishia kishindo kwenye gurudumu, na sibishani nao sana. Wao hufunga kwa kiasi na kusimama njiani kukagua. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayekaza hadi tairi liguse madigadi.

Juzi nimelazimika kusafirisha tena, safari hii kutoka Arusha kwenda Moshi, na mwenye tela mwingine, mzee wa makamo wa Njiro. Nilikuwa nimeosha mabomba ya shokapu kwa maji na kuyafuta yakang'aa. Nilimwonyesha mbao mpya huku moyo unanidunda, nikingoja neno la kuni. Akaipokea kwa mikono miwili, akaipima kwa kiganja, akauliza, “Unataka nikaze hadi hapa, au nipunguze kidogo?” Nilikaribia kumkumbatia. Tuliposimama Usa River kunywa chai, alikwenda mwenyewe kugusa mikanda kabla hata hajaagiza, na tulipofika nilipitisha kitambaa cheupe kwenye miguu yote miwili ya shokapu. Kilitoka kikavu.

Huyo nampa nyota zote. Kuhusu yule wa kwanza, niliandika nyota moja, nikaifuta, nikaandika mbili kwa sababu ya tela lake zuri na kufika kwake kwa wakati, nikakumbuka breki iliyokataa kushika mbele ya mama wa ndizi, nikarudi kwenye moja. Inawezekana nikabadilisha tena. Akinipigia na kuniambia tu kwamba angeweza kunisikiliza siku ile, nitaongeza bila kusitasita. Na kama bado anapita mahali pale aliponipakilia, kile kipande cha mbao nilikiacha kando ya barabara, upande wa kulia. Nilikikata kwa mkono wangu kwa vipimo vitatu kabla hakijakaa sawa, na ningependa kukipata.